Mlango wa Kushoto na Dawa ya Seramiki

Mimi nayajua magari kuliko mafundi wengi. Ni kweli sijawahi kuendesha hata moja, na siku niliyoambiwa nifungue boneti nilifungua buti, nikaanza kutafuta injini katikati ya viazi. Lakini gari la marehemu mwanangu wa kwanza nililijua vizuri, kwa sababu kila asubuhi nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na kikombe changu cha chai, nikimtazama mjukuu wangu akiliosha kabla ya kwenda shule.

Mjukuu huyo tulimwita Chiriku. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua kupumzika. Alisugua tairi akizungumza, akasuuza vioo akizungumza, na nadhani hata povu lilikuwa likimsikiliza. Baba yake alipofariki, gari lile jekundu ndilo lililobaki kutulisha. Aliliendesha baba yake mdogo, yaani mwanangu wa mwisho, akibeba abiria wa kukodi, na jioni alileta alichopata kwa mama yake Chiriku, mkwe wangu.

Halafu ghafla mtoto akanyamaza. Aliosha gari kimya kama mtu anayeosha maiti. Na mlango wa mbele wa kushoto hakuugusa kabisa. Aliurushia maji kwa mbali, akakimbilia boneti.

"We mvivu," nikamwambia, "huo mlango umekukosea nini?"

Akainamisha kichwa. Mimi nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Ninyi nawaambia mapema kile nilichokuja kukijua kwa kuchelewa. Mchana mmoja baba yake mdogo alikwenda kumchukua shuleni. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine kwenye simu. Mbele yao alikuwa muuza mikate na baiskeli yake, sanduku la mikate limefungwa nyuma. Chiriku alisikia kishindo upande wake. Alipogeuka akaona mikate imetapakaa barabarani, na mtu amelala, mguu wake umejikunja mahali ambapo mguu haujikunji.

Baba mdogo hakushuka. Alikanyaga mafuta.

"Sikiliza," alimwambia walipofika mbali. "Ukisema, gari litachukuliwa. Mama yako na bibi yako watalala njaa, na itakuwa juu yako. Unataka hivyo?"

Mtoto wa miaka kumi na miwili angejibu nini? Gari likapelekwa kwa fundi rangi wa uchochoroni, bonyeo la mlangoni likajazwa puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo unaokauka kama jiwe, juu likapulizwa rangi nyekundu. Sisi nyumbani tuliambiwa breki zinatengenezwa.

Lakini lililomtafuna Chiriku hasa ni hili: muuza mikate alikuwa baba wa rafiki yake, msichana wa dawati moja naye. Tangu wiki ile nafasi ya pembeni yake ilikuwa tupu. Siku moja akamkuta rafiki yake kituo cha mabasi, amebeba sanduku la mikate kichwani, miguuni bado ana soksi za shule.

"Mbona huji darasani?" Chiriku akauliza, ingawa alijua.

"Baba amevunjika paja. Gari lilimgonga likakimbia. Nisipouza mimi, nani auze?" Kisha yule mtoto akamtazama. "Mbona unatetemeka? Unaumwa?"

Chiriku alikimbia nyumbani akatapika. Mimi nikamtengenezea uji, nikidhani ni maembe mabichi.

Jioni hiyo hiyo, tukiwa mezani, mwanangu akaleta habari za seramiki.

"Shemeji," akamwambia mkwe wangu, "hili gari tulipake seramiki. Ni dawa fulani, ikikauka inakuwa kama kioo juu ya rangi. Halikwaruziki tena, halishiki kutu, jua halilipaushi. Ile hoteli inayotafuta gari la kubebea wageni wakiliona linavyong'aa, tumepata kazi."

"Akiba niliyonayo ni ya bati za jikoni," mkwe wangu akasema. "Mvua iko njiani."

"Wageni wa hoteli hawaji kulala jikoni kwako, shemeji."

"Na mimi silali hotelini."

Nikachomeka neno langu: "Kama dawa hiyo inaondoa makunyanzi, nipakeni mimi kwanza. Gari lisubiri."

Tukacheka, isipokuwa Chiriku. Mkwe wangu ni mtu wa kuuliza kabla ya kununua, hata chumvi. Akasema Jumamosi twende sote kwa fundi mwenyewe, atuambie kama hiyo seramiki ina maana au ni maneno ya wauzaji.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, glavu mikononi, kinyago cha kuzuia mvuke wa dawa kimening'inia kidevuni. Karakana yake ilikuwa safi kuliko jiko letu. Taa ndefu zilipangwa ukutani ili kila mkwaruzo uonekane.

"Linalala wapi?" akauliza.

"Nje. Na mchana linashinda juani," mkwe wangu akajibu.

"Basi seramiki ingewasaidia. Vumbi na tope havigandi sana, kuosha kunakuwa rahisi. Kinyesi cha ndege mnakitoa kabla hakijala rangi. Jua nalo linachelewa kuipausha."

"Si niliwaambia!" mwanangu akadakia.

"Sijamaliza, kaka. Jiwe likiruka litachubua rangi kama kawaida. Ukiparuza ukuta utakwaruza. Kutu inayoanzia ndani ya bati haina habari kama nje kuna seramiki. Na kuosha mtaosha, tena kwa kitambaa laini, siyo kwa gunia."

Mkwe wangu akakunja mikono. "Sasa nijibu kama unamjibu dada yako. Inafaa au haifai?"

"Inafaa kwa rangi nzima," fundi akasema. "Rangi yenye kasoro ukiipaka, umeifunga kasoro ndani, tena inang'aa. Ukitaka kuitoa baadaye ni kazi ya msasa, kuanza upya. Ndiyo maana nakagua kwanza. Limewahi kugongwa?"

"Halijawahi hata kuguswa," mwanangu akasema haraka.

Chiriku alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kanga yangu kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nilihisi kanga ikivutwa.

Fundi akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa cha flana. Akaiweka juu ya boneti, ikanasa. Akaiweka kwenye mlango wa kulia, ikanasa. Akazunguka. Alipoiweka kwenye mlango wa mbele wa kushoto, ikateleza, ikaanguka sakafuni. Akairudisha. Ikaanguka tena.

"Hapa bati liko mbali," akasema taratibu. "Kuna puti nene. Huu mlango uligongwa vibaya."

Sote tukamgeukia dereva. Uso wake ulikwenda huku na kule kama kuku aliyefungiwa chumbani. Kisha akapata pa kutokea.

"Itakuwa ni marehemu," akasema, sauti ameishusha. "Sikutaka kumsema kaka yangu. Lakini alikuwa na mambo yake ya kuficha. Atakuwa aligonga, akatengeneza kimyakimya."

Mkwe wangu akauwekea mlango ule kiganja, kama mtu anayemgusa mgonjwa. "Alinificha?" akauliza, na hakuwa akituuliza sisi.

"Si baba."

Sauti ilikuwa ya Chiriku, lakini imekwaruza kama bawaba iliyokauka. Aliachia kanga yangu akasimama mbele ya mama yake.

"Si baba, mama. Ni baba mdogo. Alimgonga muuza mikate, baba yake rafiki yangu. Nilikuwemo garini. Aliniambia nikisema mtalala njaa."

"Mtoto anaota!" mwanangu akapaza sauti. "Tangu baba yake afe hayuko sawa. Shemeji, utanivunjia heshima kwa maneno ya mtoto? Mama, sema basi!"

Sikusema. Nawaambia ukweli, moyo wangu ulitaka awe yeye ndiye mkweli. Mmoja nimekwisha kumzika, na huyu ndiye niliyebaki naye.

Fundi hakubishana na mtu. Alivua glavu, akachuchumaa, akanusa pembeni ya mpira wa kioo. Akakandamiza kucha ya kidole gumba kwenye rangi, mahali pa chini pasipoonekana. Ikabaki alama. Akafanya vivyo hivyo kwenye mlango wa nyuma. Haikubaki kitu.

"Mlango wa nyuma rangi yake imekauka miaka," akasema. "Hii ya mbele bado mbichi. Haina hata mwezi. Nisingeipaka seramiki hata kama ningelipwa mara mbili, kwa sababu rangi mpya inahitaji wiki nyingi ikauke mpaka ndani." Akasimama, akamtazama mwanangu. "Huyo kaka yako alifariki lini?"

Mwanangu akatazama viatu vyake. Nikajibu mimi niliyemzaa.

"Huu ni mwaka wa pili."

Mkwe wangu hakupiga kelele. Alinyoosha mkono. "Funguo." Akapewa. "Seramiki hatupaki," akamwambia fundi, "na asante." Halafu akamvuta Chiriku kifuani, mtoto akalia kilio alichokizuia siku kumi na mbili.

Tulikwenda kituo cha polisi. Maelezo yakaandikwa, leseni ikachukuliwa, mwanangu akaambiwa arudi Jumatatu, na gari likabaki pale kwa uchunguzi. Kwa hiyo lile alilomtishia mtoto lilitokea kweli: gari lilichukuliwa. Tukatembea kwa miguu mpaka kwa muuza mikate.

Alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni, plasta imefika kiunoni, mguu umeinuliwa juu ya mto uliokunjwa. Rafiki yake Chiriku alikuwa akifuta sanduku la mikate. Mkwe wangu alitaka kuanza kusema, Chiriku akamzuia. Akasema mwenyewe yote, bila kujipunguzia.

Rafiki yake akaacha kufuta. "Siku ile kituoni ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Yule mtoto akageukia ukutani. Hakugeuka tena siku hiyo, na sitawadanganya kwamba alikuja kumkumbatia mtu.

Mkwe wangu akaeleza alivyoamua. Akiba ya bati itakwenda kwenye matibabu, na jikoni tutatega sufuria. Shemeji yake atawahi kila alfajiri kusambaza mikate kwa baiskeli, ili binti arudi shule kuanzia Jumatatu.

Muuza mikate akamwita Chiriku karibu.

"Mwanangu, umechelewa, na kuchelewa kwako kumemkosesha mwenzako masomo. Hilo ulijue, usijifiche. Lakini mzigo haukuwa wako. Mtu mzima akikupa siri ambayo inamuumiza mtu mwingine, hiyo usiitunze. Tafuta mkubwa mwingine unayemwamini, umwambie siku ile ile. Na wakikutisha na njaa, sema hivyo hivyo. Njaa tutaijadili wakubwa."

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

Mwanangu alikuwa bado amesimama mlangoni. Akaona labda imefika zamu yake. Akapiga magoti kando ya godoro, akashika kichwa.

"Mzee, nisamehe. Nakuapia sikujua kama nimegonga mtu. Nilidhani ni jiwe."

Nikashindwa kuvumilia.

"Jiwe," nikasema. "Na mtoto ukamkataza asiende kumwambia nani, mwanangu? Mama yake hilo jiwe?"