Kiti cha Ngozi na Maili Kumi na Saba

Jumapili, tarehe 5 Machi 1950. Asubuhi ile mbingu ilikuwa nyeupe, na upepo mkali ulivuma kutoka baharini. Maji ya ndoo nyuma ya nyumba yalikuwa yameganda juu.

Walter Utting aliamka gizani, kama siku zote. Kwa miaka thelathini alikuwa ameamka saa kumi na moja kuwalisha farasi wa shamba la Bwana Goffin. Sasa farasi wote walikuwa wameuzwa. Trekta lilifanya kazi yao, na Walter alikuwa kibarua wa kuchimba mitaro. Lakini macho yake hayakujua kwamba farasi hawapo. Yalifunguka saa ile ile.

Aliwasha jiko. Akala mkate na kipande cha nyama ya nguruwe huku amesimama. Nyumba ilikuwa kimya. Mke wake, Hilda, alikuwa katika hospitali ya kifua kikuu ya Ashwick tangu mwezi wa Septemba. Hawakujaliwa mtoto.

Ashwick ilikuwa maili kumi na saba kutoka kijijini. Wageni waliruhusiwa Jumapili tu, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Na Jumapili hakukuwa na basi. Kwa hiyo Walter alinunua baiskeli yenye kiti cha ngozi, na kila Jumapili alikwenda.

Siku hiyo alifunga mayai sita ndani ya majani makavu. Akainamisha kichwa. "Bwana, nifikishe salama," akasema. Saa tano na nusu akaondoka.

Maili tatu za kwanza alivumilia. Maili ya sita alianza kuuma meno. Kiti kilikuwa kimelegea katikati kama gunia tupu, na kila shimo la barabarani lilimpigiza kwenye chuma. Alijaribu kuendesha amesimama. Miguu ikachoka. Akashuka, akatembea, akapanda tena, akashuka tena. Ngozi ya mapaja yake ilikuwa imechubuka, na suruali ilikuwa na damu.

Saa nane kasoro robo alikuwa bado maili ya tisa. Zilibaki nane. Kwa miguu angefika baada ya lango kufungwa.

Alisimama kando ya barabara. Hapakuwa na mtu, wala gari, ila mashamba matupu pande zote. Saa ya kanisa fulani la mbali ikagonga mara mbili, yaani saa nane. Walter alijua kwamba wakati huo Hilda amekwisha kuchana nywele na anatazama dirishani.

Akageuza baiskeli, akaisukuma hadi nyumbani.

Jioni alikwenda kwenye ibada, maana hakuweza kukaa peke yake ndani ya ile nyumba. Alisimama nyuma, karibu na mlango. Watu walikaa, yeye akasimama. Mhubiri akahubiri nusu saa, Walter bado amesimama.

Walipotoka nje, jirani yake alimshika mkono. Huyu alikuwa Bi Ada Pegg, mjane wa miaka sitini na sita. Alikuwa ameishi kijijini miaka kumi na sita, lakini watu bado walimwita "yule wa Birmingham," yaani mji wa viwanda alikotoka.

"Wewe Walter! Ibada nzima umesimama kama mlinzi," alisema Bi Ada. "Uliogopa tutakimbia na sadaka?"

"Mgongo tu, Bi Ada."

"Mgongo? Mgongo gani huo unaoanzia huko chini unakoshika?"

Walter akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Leo sikufika kwa Hilda," alisema. "Kile kiti cha baiskeli kimenishinda. Nimerudia njiani."

Bi Ada hakutania tena. "Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha viti vya baiskeli," alisema. "Kesho jioni nakuja kukiona."

Jumatatu jioni Bi Ada alikuja bandani kwa Walter na taa mkononi. Akabonyeza kiti kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Masikini! Umekitia nini hiki?"

"Mafuta ya kwato za ng'ombe," alijibu Walter. "Kilikuwa kigumu kama ubao. Nikakilaza ndani ya beseni la mafuta usiku kucha, nikakiweka karibu na jiko ili mafuta yaingie vizuri. Nimetunza ngozi miaka thelathini, Bi Ada. Mikanda ya farasi wangu ilikuwa laini kama mkate."

"Sawa. Na hao farasi walikuwa wanaikalia hiyo mikanda?"

Walter akakibonyeza kiti yeye mwenyewe.

"Sikiliza, bwana wee," alisema Bi Ada. "Mkanda wa farasi unatakiwa upinde, ndiyo maana unautia mafuta mengi. Kiti hiki hakitakiwi kupinda. Tazama chini yake. Unaona godoro?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa. Ngozi imeshikwa kwa ribiti, hii misumari bapa, mbele na nyuma, basi. Katikati ni hewa tupu. Unakalia ngozi iliyovutwa kama ya ngoma. Ikilegea, unakalia chuma."

"Lakini hata kilipokuwa kipya kiliniumiza."

"Lazima kiumize, kilikuwa hakijakujua! Makalio ya mtu yana mifupa miwili. Kila unapoendesha, ile mifupa inajichimbia mahali pake polepole. Ukishaendesha maili mia nne, mia tano, kiti kinakuwa chako. Mtu mwingine akikikalia atakitukana, lakini wewe utaona raha. Uliendesha Jumapili ngapi kabla ya kukitia mafuta?"

"Nne tu. Tangu hapo kimekuwa kikilegea kidogo kidogo."

"Kwenda na kurudi, ni kama maili mia moja na arobaini. Ulikata tamaa mapema. Kiti cha namna hii kikitunzwa kinakaa miaka ishirini. Mimi nimeona cha tarishi mmoja kilichokaa ishirini na saba, kikarudi kiwandani kubadilishwa springi tu."

Walter aliinama akakitazama kiti. Alionekana mzee. "Pesa ya kingine sina," alisema. "Niambie kweli. Kinaweza kupona?"

"Kuwa kama kipya, hapana. Sikudanganyi. Ila kinaweza kukufikisha. Leta unga wa mbao na magazeti. Na usikisogeze tena karibu na jiko! Joto likizidi, ngozi inapasuka kama tope la kiangazi."

Wakakizika kiti ndani ya unga wa mbao ili unywe mafuta, wakaufunika kwa magazeti. Bi Ada akamwambia abadilishe unga huo kila jioni.

Jumatano barua ilifika kutoka Ashwick. Walter aliisoma hapo hapo mlangoni.

"Mpenzi Walter," Hilda aliandika, "Jumapili nilingoja hadi kengele ya kufunga lango ilipolia. Najua safari ni ndefu, na wewe umechoka. Kama imekushinda, niambie tu. Nitajizoeza. Yule mwanamke wa kitanda cha dirishani amekwisha kujizoeza. Wako, Hilda."

Aliisoma mara tatu. Usiku ule hakula. Alipiga magoti kando ya kitanda, lakini maneno hayakuja. Basi akabaki hapo, amepiga magoti.

Alhamisi jioni alimpa Bi Ada barua ile. Bi Ada alivaa miwani, akasoma, akaikunja vizuri.

"Utamjibu nini?" aliuliza.

"Sijui kuandika mambo kama hayo."

"Basi usiandike. Nenda." Alivua miwani. "Mume wangu alikufa hospitalini siku ya Jumanne. Mimi nilikuwa kiwandani, nilisema nitakwenda Jumatano. Haya, lete spana."

Walikitoa kiti kwenye unga wa mbao. Kilikuwa kimeanza kukaza. Bi Ada alimwonyesha nati ndogo iliyo chini ya pua ya kiti, ile ncha ya mbele.

"Hii inavuta ngozi. Zungusha robo tu. Robo! Ukizidisha utang'oa ribiti, halafu usije kwangu unalia. Acha hadi kesho, uzungushe robo nyingine. Baadaye usiiguse tena mpaka uone imelegea kweli."

"Na hizi kingo za chini zilizotanuka?"

"Tutazifunga. Toboa matundu kwenye kingo zote mbili, upitishe kamba chini ya kiti kama unavyofunga kiatu. Zitarudi ndani, na mapaja yatapumua."

Kazi hii Walter aliijua. Alichukua msharasi wake wa zamani, aliokuwa akishonea mikanda ya farasi. Akatoboa matundu manne kila upande, sawasawa, bila kupima. Akaipaka kamba nta, akaipitisha, akaivuta. Bi Ada alimshikia taa.

"Kiwandani wangekuajiri," alisema.

"Kuna farasi huko?"

"Farasi hakuna. Kuna wanaume wanaokula kama farasi."

Kisha wakakifunga kiti kwenye baiskeli. Walter alikuwa amekiinamisha pua chini, akidhani hivyo ni laini zaidi. Kumbe ndivyo alivyokuwa akiteleza mbele na kujichubua. Bi Ada alikiinua pua kidogo tu, ili mtu akae nyuma, kwenye mifupa yake.

"Na mafuta?" aliuliza Walter.

"Mara mbili kwa mwaka. Mafuta ya ng'ombe na nta, kidogo tu, kama unavyopaka siagi siku hizi za mgao wa chakula. Paka zaidi upande wa chini, kisha futa. Mvua ikinyesha, kifunike. Kikilowa sana usikikalie, maana kitatanuka. Kiache kikauke chenyewe, mbali na moto. Umesikia, mzee wa farasi?"

"Nimesikia, mwalimu."

Jumapili, tarehe 12, manyunyu yalianza alfajiri. Walter alifunika kiti kwa kitambaa kisichopitisha maji, akakikalia hivyo hivyo. Aliondoka saa tatu, mapema kuliko siku zote, maana hakukiamini kiti. Maili ya sita ilipita. Kwenye maili ya tisa, mahali alipogeukia, hakusimama. Kiti kilikuwa kigumu. Kilimuuma kidogo, lakini hakikumpigiza kwenye chuma. Mvua ilimpiga usoni, na njia nzima hakukutana na mtu hata mmoja. Saa sita na nusu alikuwa langoni. Akangoja nje saa moja na nusu, peke yake, akiwa amelowa.

Lango lilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuingia. Wodini madirisha yote yalikuwa wazi, kama desturi ya hospitali ile. Vitanda vilikuwa kumi na viwili. Hilda alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Nywele hakuzichana.

Kwenye kitanda cha pili Bi Doris Mallett, mwanamke mnene mwenye kikohozi, alipaza sauti. "Loo! Kumbe yupo! Sisi tulidhani umeoa mwingine, Bwana Utting."

Hilda akageuka. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyenye tope. 

"Umelowa," alisema.

"Hilda, Jumapili iliyopita niligeukia njiani. Zilibaki maili nane. Kiti kilikuwa kimeharibika, na mimi ndiye niliyekiharibu. Sikuchoka nawe. Haki ya Mungu sikuchoka."

"Na sasa?"

"Tumekitengeneza. Bi Ada kanifundisha."

"Kitaharibika tena."

"Kikiharibika nitakitengeneza. Sasa najua."

Hilda alikaa kitandani. Alizungumza polepole, akipumzika kati ya maneno. "Usiniambie mimi peke yangu, Walter. Mimi nitakusamehe, halafu nitabaki nimelala hapa siku sita nikijiuliza. Waambie hawa. Wao watanikumbusha."

Walter alikuwa mtu wa haya. Hata kanisani hakuwahi kuomba kwa sauti. Wanawake kumi na mmoja walimtazama. Sista wa wodi, aliyekuwa akipita na vikombe vya chai, akasimama.

Walter akavua kofia.

"Mbele ya Mungu," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka, "na mbele ya Sista, na ninyi kina mama wote. Kila Jumapili saa nane nitakuwa kwenye mlango ule. Baiskeli ikinikatalia, nitaanza kutembea Jumamosi. Nitakuja, Hilda, mpaka siku utakayotoka hapa pamoja nami."