Bafu Alilojijengea Mujibu

Somoe alitoka kuoga akinukia udi, na nyumba ile haikuwa na udi wala chetezo. Mumewe, Mujibu, alikuwa amekaa kando ya mlango wa bafu akikwangua saruji kwenye mwiko. Akamuuliza manukato yale amepewa na nani. Somoe akajibu kwamba ni sabuni ileile ya kipande wanayooga wote wawili, akapita zake chumbani.

Mwanamume mwingine angeuliza harufu inatoka wapi. Yeye aliuliza imetoka kwa nani. Wivu wake ulijulikana Newala nzima, maana kila aliyenunua kitenge kwa Somoe sokoni alikuta Mujibu amekaa pembeni anamkodolea macho. Hata hilo bafu lilijengwa kwa wivu. Nyumba yenye bafu la ndani, marumaru na bomba la mvua hupanda thamani, na Mujibu alitaka kuiuza kwa bei nzuri amhamishie mkewe Nanganga, kwa mama yake mwenyewe, ambako mtoto wao Twahiru alikuwa akilelewa. Huko hakuna soko la kumtia kishawishi. Somoe alilia siku aliyoambiwa.

Mujibu hakutaka fundi. Fundi hushinda nyumbani, hupewa chai, hupigishwa soga. Mujibu akajifunza kazi kwa kutazama video kwenye simu, akapasua marumaru nyingi tu, mwishowe mkono ukazoea. Ikabaki shida ya maji, ambayo Newala ni shida ya kila mtu. Muuza maji wao, Ashiru, alikuwa akiingiza baiskeli mpaka uani na kumsifia Somoe kwa mapishi. Mujibu akampiga marufuku. Badala yake akaenda kuchota kwenye gofu la nyumba ya jirani, kwenye kisima cha zamani cha kuvunia maji ya mvua, ambacho watu wa mtaa hawakigusi hata kiangazi kikaze vipi. Maji yalikuwa meusi. Akajiambia kwamba maji ya kukorogea saruji hayanywewi.

Tusimnyime haki yake, bafu lilitoka zuri. Lakini rahisi ni ghali. Marumaru zilitoka jasho, na ukuta ukagoma kukauka. Kisha ndoo, ambayo Somoe aliiacha tupu, ikawa inakutwa imejaa maji ya uvuguvugu. Kisha Somoe akaanza kukaa sana humo ndani, na akitoka, uso umemtulia.

Asubuhi moja ya ukungu Mujibu alisikia mtu akizungumza bafuni. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, na ilimwita mkewe Somoe, jina ambalo nyumba ile haikulitumia tangu alipozaliwa Twahiru. Jambo la kwanza lililomjia kichwani ni Ashiru. Akajitupa kwenye mlango kwa bega, na komeo alilolipachika kwa mkono wake likang'oka, na ndani akamkuta Somoe peke yake, amejifunga khanga, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa kama mtu aliyewekewa kiti, na nywele zake, alizoingia nazo zikiwa timutimu, zimesukwa mistari myembamba mpaka kisogoni, na kwenye sakafu nyayo za maji, kubwa kuliko za mwanamume yeyote aliyewahi kumshuku, zilitoka miguuni kwa mkewe zikaenda ukutani, zikapanda ukuta marumaru kwa marumaru, na pale juu karibu na dari, ambapo hapakuwa na dirisha wala tundu, zikaishia.

"Nani alikuwa humu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kunong'ona.

"Baba Twahiru, umevunja mlango," Somoe alisema tu.

Mujibu akateremka Masasi mwenyewe, mpaka Mkomaindo, kumfuata Bi Kibibi, mama mtu mzima anayewasomea wenye majini. Akamweleza yote njiani, mpaka habari ya kisima cha gofu, na yule mama akashika kichwa. Walipofika alifukiza ubani, akasoma, akanyunyiza maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Ukuta ulitoka jasho zaidi. Mujibu akaleta nyundo, akasema atalibomoa bafu lote, thamani ya nyumba ipotelee mbali.

"Bomoa ukipenda," Bi Kibibi alimwambia. "Ulimkoroga jini wa kisima kwenye saruji, lakini ukutani hayumo tena. Yuko kwa mkeo. Na yeye ana wivu, baba, hapendi kuchangia. Atakayemtoa ni mke mwenyewe, aseme kwa kinywa chake kwamba hamtaki."

Wakamketisha Somoe mkekani. Mujibu alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya posa. Akamwomba. Akaapa kwamba Nanganga hawaendi, nyumba haiuzwi, sokoni atakwenda atakavyo.

Somoe alimtazama, na machoni mwake hamkuwa na chuki. Mujibu angeifurahia chuki.

"Huyu wa bafuni hajawahi kuniuliza nilikuwa wapi," alisema.

  Bi Kibibi akazima makaa ya ubani, akakunja mkeka wake, akamwambia Mujibu taratibu kwamba yeye humtoa asiyetakiwa.

Alipokwisha kuondoka, Somoe alichukua khanga yake kavu akaingia bafuni. Mlango ulikuwa hauna komeo, ukajifunga. Maji yakaanza kumwagika kutoka kwenye bomba ambalo Mujibu alikuwa bado hajaliunganisha na tangi. Akamsikia mkewe akicheka, kicheko cha chini cha mtu aliyetaniwa na ampendaye, na wivu ukamchoma kuliko woga. Akausukuma mlango. Haukutikisika. Mwisho, kwa kukosa la kufanya, akasimama nje ya bafu alilolijenga kwa mikono yake na kupiga hodi.

Maji yakakatika.

"Nani?" ikauliza sauti ya kiume, bila haraka, kama mwenye nyumba.