Mama Visiki

Kila Julai Benigna alikuwa na kazi mbili: kuchuma kahawa na kuogopa.

Kibanja chao cha kahawa kilikuwa kijijini Maruku. Mibuni yake ilikuwa mirefu kupita paa la nyumba. Mumewe, Rwekaza, aliikwea mpaka juu, kikapu begani.

"Rwekaza, shuka!"

"Nakaribia kumaliza."

Tawi likakatika. Puu! Mguu ukavunjika.

Hospitali walimfunga hogo. Benigna akalia. Muuguzi Evelyne akamwonyesha vitanda.

"Mama, tazama. Hawa wanne nao wameanguka kwenye mibuni. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Kahawa ikiiva, Juni hadi Agosti, wodi inajaa. Msimu ukiisha, wanapungua."

"Basi ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya gani hiyo inayojua kalenda? Miti ni mirefu mno! Kwetu bwana shamba alitufundisha kuikata. Mkishavuna, kata shina mshazari, chini ya goti. Acha tawi moja liulishe mti. Machipukizi yakitoka, bakiza matatu yenye nguvu. Anza na mstari mmoja, msikose kahawa yote."

Mavuno yalipoisha, Benigna akanunua msumeno. Shemeji yake, Kamugisha, akaja mbio.

"Hii ni mibuni ya Tata! Baba yetu aliipanda kwa mikono yake. Nani amewahi kuona mwanamke akikata mibuni ya ukoo?"

"Utamwona leo, shemeji."

"Unamvunjia Tata heshima!"

Benigna akawaka. "Tata aliipanda itulishe, siyo ituue! Nimeshamuuguza mwanawe. Kumzika, sitaki!"

Rwekaza alikuwa mlangoni, kwenye magongo yake. "Kata, mke wangu," akasema.

Akakata. Kamugisha akaondoka akisonya. Kijiji kizima kikacheka. Wakamwita Mama Visiki. Alichukia, lakini mwaka uliofuata akakata mstari wa pili. Katikati ya visiki akapanda maharage.

Julai ya tatu ikafika. Mstari wa kwanza ulijaa kahawa nyekundu. Rwekaza alichechemea kidogo, lakini alichuma amesimama ardhini. Benigna hakuogopa tena.

Kamugisha akaja, mkono umefungwa hogo. Alikuwa ameanguka kwenye mbuni wake wiki iliyopita. Akasimama akitazama kahawa. Kisha akakohoa.

"Shemeji, ule msumeno bado upo?"

"Upo. Ukishavuna, nitakuja nao," Benigna akajibu. "Wewe utashika matawi. Mkataji ni mimi, Mama Visiki!"