Mililita Thelathini za Profesa

Buibui aliingia kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, akapanda na mshipa hadi moyoni, akazibua palipoziba, akatoka. Dakika kumi na moja. Miguu yake minane ilikuwa myembamba kuliko unywele, na Dodoma nzima watu walishasahau habari za kupasuliwa kifua.

Tekla Chidawali, fundi mwendeshaji, alimjua Buibui nati kwa nati. Alijua pia jambo ambalo wagonjwa hawakuambiwa. Buibui ni kipofu. Ili aone njia, humwaga rangimwanga, dawa inayofanya mshipa ung'ae kwenye mionzi, na humwaga tena na tena mpaka picha ipendeze. Dawa hiyo yote huondolewa na figo. Figo zikizidiwa huanza kufa kimyakimya, na damu huja kuonyesha siku ya tatu. Mgonjwa huruhusiwa siku ileile ya matibabu. Ndiyo maana ubao wa mlangoni ulisomeka: Waliotibiwa 9,412. Waliodhurika 0.

Mwanawe Lameki alikuwa mmoja wa hao waliotibiwa. Moyo wake ulidunda vizuri sana; figo hazikurudi. Akiwa na miaka ishirini na tisa alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na maji alinywa kwa kupimiwa na kifuniko cha chupa. Tekla alipopeleka vipimo vya mwanawe kwenye kikao cha hospitali, Profesa Rutaihwa, muundaji wa Buibui, hata bahasha hakuifungua.

"Mama, una diploma ya mitambo," alisema, watu wakacheka. "Wewe kaza nati. Figo tuachie sisi."

Leo aliyelala mezani, macho wazi, mkono umetiwa ganzi, alikuwa Profesa mwenyewe.

Tekla aliweka kidole juu ya kitufe. Hakuhitaji kuharibu kitu. Angebonyeza tu, Buibui angefanya alivyofundishwa, mililita mia tatu za rangimwanga, na baada ya siku tatu mzee huyu angeanza kupimiwa maji kwa kifuniko. Mate yalimjaa mdomoni kwa hamu.

Juu yao iliwaka taa nyekundu. Ikiwaka, kila neno la chumbani husikika kwenye Ukumbi wa Ndugu, ambako jamaa za wagonjwa hukaa wakingoja. Profesa ndiye aliyeweka utaratibu huo, ili watu waache kulalamika kwamba wanafichwa. Lakini yeye huongoza kazi kutoka ghorofani, kusiko na taa, na hakuzoea kuikumbuka.

"Mama Lameki," Profesa aliita kwa sauti ya chini. "Subiri. Weka kikomo. Mililita thelathini."

Kidole cha Tekla kiliganda. "Buibui hana kikomo, Profesa. Umetuambia mwenyewe kwamba hahitaji."

"Anacho. Bonyeza nembo mara saba, utaona ukurasa. Neno la siri ni Kamachumu."

Tekla alibonyeza. Ukurasa ukafunguka, una tarehe ya mwaka ambao Buibui alizinduliwa.

"Kumbe kipo tangu siku ya kwanza!"

"Fanya haraka, mama. Nina kisukari, figo zangu zimechoka."

"Na za wengine?"

"Kwa kikomo hicho anakwenda kwa kupapasa. Dakika arobaini. Nani angekubali mashine ya dakika arobaini?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Kila dawa ina madhara. Nilijua, ndiyo. Sasa weka thelathini!"

Kutoka ukumbini, nyuma ya ukuta, kitu kizito kilianguka, labda benchi. Kisha ukelele wa mwanamke mmoja, kisha sauti nyingi. Profesa aligeuza macho juu. Akaiona taa.

"Ile... inawaka?"

"Inawaka. Utaratibu wako."

"Zima! Tekla, zima!"

"Mimi nakaza nati tu, baba. Tulia, usitikise mkono."

Akaweka thelathini. Hakupunguza wala kuongeza tone. Kwa dakika arobaini na mbili alimwongoza Buibui polepole, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake, huku mlango ukigongwa na watu wakitaja majina ya wagonjwa wao. Mshipa ukafunguka. Profesa alikuwa akilia.

"Kwa nini umeniokoa?" aliuliza.

"Nikuue ili upumzike? Nakutaka mzima. Una watu wengi wa kuwajibu."

Ule ukurasa hakuufunga. Hadi jioni aliutumia kuwawekea kikomo Buibui wote wa hospitali.

Wakubwa wa Tekla walimwamuru amruhusu Profesa siku ileile, kama kawaida. Alikataa; alitaka damu ya siku ya tatu. Siku ya tatu alimtoa damu kwa mkono wake mwenyewe, akasimama kando ya kipimo kikisoma. Figo hazikuwa zimeguswa hata kidogo; kikomo kilizilinda. Akachapa karatasi mbili: moja akaitia kwenye faili la mgonjwa. Nyingine akaikunja pamoja na vipimo vya Lameki, kwenye bahasha ileile iliyokataliwa kikaoni, akaenda nayo mahakamani.