Kidonge Alichopewa Shemeji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti yangu, kitinda mimba, alimwingiza paka wetu kwenye kizimba, akafunga mlango, akanywa chai yake yote ndipo akamfungulia. Daktari wa mifugo ndiye aliyetuagiza hivyo. Tulikuwa tunahamia nchi ya mbali, baba wa watoto ametangulia kikazi, na paka angesafirishwa kwa ndege. Ilikuwa lazima akizoee kizimba.

Paka huyo tulimwita Shemeji. Alikuja siku moja kama wa kusalimia tu, akala, akalala, hakuondoka tena.

Siku ya kuchukua cheti chake cha afya, daktari alimtazama binti yangu usoni.

"Maji apewe. Dawa ya usingizi asipewe hata chembe. Kule juu itamlemea, na pumzi ikimpotea hakuna wa kumwona. Umenielewa, binti?"

"Nimeelewa, daktari."

Alielewa kweli. Lakini nyumbani kulikuwa na kaka yake.

"Unajua Shemeji atakaa wapi? Tumboni mwa ndege, pamoja na masanduku," alimwambia tukifunga mizigo. "Giza totoro! Atalia njia nzima mpaka moyo upasuke."

"Mwongo wewe!"

"Haya, utaona."

Niliwasikia nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Watoto wangu hutapika kwenye basi, kwa hiyo siku za safari huwapa kidonge, nao hulala mpaka tufike. Vidonge hivyo niliviweka ovyo kwenye droo ya jikoni, pamoja na viberiti. Asubuhi ya safari binti yangu alichukua kimoja, akakisaga kwa kijiko, akakichanganya na samaki. Alimfanyia Shemeji kile ambacho mimi humfanyia yeye.

Kwenye uwanja wa ndege, karani wa mizigo alipima kizimba, akachungulia ndani.

"Huyu mbona kimya? Wenzake hapa hunitukana mpaka masikio yaniume."

"Ana adabu," nikajibu kwa majivuno. "Malezi hayo."

"Amepewa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Basi tia saini hapa."

Nikashika kalamu. Kizimba kilikuwa tayari juu ya troli. Binti yangu alining'ang'ania gauni. Nami nikadhani anaogopa kupanda ndege.

"Mama, usitie saini!"

Watu wakageuka.

"Nimempa kidonge chetu cha safari," akasema huku analia. "Kizima."

Nikaitupa kalamu. Karani alikishusha kizimba haraka, akakifungua. Kichwa cha Shemeji kilimwangukia kiganjani kama kitambaa kilicholowa. Tumbo lilipanda, likakawia, likashuka.

Tukampigia daktari simu. "Asipande!" akafoka. "Mleteni sasa hivi!"

Mdogo wangu, aliyekuja kutuaga, alikikumbatia kizimba akakimbilia teksi. Sisi, ndege isingetungoja.

Safari ile siisahau. Binti yangu hakula, hakulala. Kila ndege ilipotikisika alininong'oneza, "Mama, akifa nimemuua mimi?" Nilimshika mkono tu. Kaka yake naye aliinamisha kichwa, mzaha wake umetumbukia nyongo.

Tulipotua nilipiga simu kabla hata ya kuchukua mizigo.

"Ameamka," daktari akasema. "Tena ameniuma kidole. Mpe binti simu."

Niliyasikia maneno yake yote. "Kumpa kidonge ulikosa. Kunyamaza asubuhi nzima ulikosa zaidi. Lakini ulisema kabla hajapakiwa, ndiyo maana bado ana meno ya kuniumia. Siku nyingine ukikosea, sema papo hapo. Usingoje mpaka kizimba kiwe juu ya troli."

"Ndiyo, daktari. Nisamehe."

Wiki tatu baadaye Shemeji aliletwa. Tulimsikia kabla ya kumwona, anapiga kelele nyuma ya mlango wa ofisi ya mizigo kama mtu aliyeibiwa.

"Mama, analia!" binti yangu akaruka, machozi yakimtoka.

Siku hizi vidonge nimevifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Wewe mama mwenzangu, na vyako vifungie. Lakini siku ile nilimvuta tu binti yangu karibu.

"Mwache alie," nikamwambia. "Anayelia anapumua. Wa kuogopa ni aliyenyamaza. Na wewe, mwanangu, usininyamazie tena."