Kiti cha Muhonja

"Na huyu mama mko naye?" aliuliza Mzee Masinde, aliyekuwa akichana tikiti mlangoni mwa ukumbi wa Kaloleni.

Kaluki akageuka. Nyuma yao hapakuwa na mtu, ila jua la saa nane mchana na watoto wakipiga mpira ukutani.

"Mama gani, mzee? Si tuko wawili tu," Idil akasema akicheka, akamvuta Kaluki ndani.

Siku hiyo walikuwa wameipanga kwa wiki tatu. Idil, aliyeuza manukato pamoja na mamake kule Majengo, alikuwa ameomba ruhusa ya Jumamosi nzima ili wamwone rafiki yao Muhonja akipiga fidla. Ilikuwa filamu ya zamani isiyo na sauti, ya watu waliojenga reli, na okestra ya mtaa ilikuwa ikae chini ya pazia jeupe na kupiga muziki filamu ikiendelea. Waliotaka kuingia okestra walikuwa wengi. Kiti cha mwisho cha fidla kilibaki kati ya Muhonja na Kaluki. Okinyi, kiongozi wao, aliwasikiliza wote wawili mara mbili, akamchukua Muhonja.

Kaluki alimkumbatia mwenzake, hata vigelegele akapiga. Kisha akaenda nyumbani, akaisukuma fidla yake chini ya kitanda, akalala na viatu. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kiti. Alikuwa ni Idil. Tangu siku ile Idil hakuwa na hadithi nyingine, ni Muhonja hivi, Muhonja vile. Hata gauni jeusi la Muhonja, Idil ndiye aliyelichagua Gikomba na kulipunguza kiuno kwa mkono wake mwenyewe. Kaluki na Idil walikuwa marafiki tangu darasa la pili, na Idil hakuwahi kumletea hata kitana.

Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa blanketi, na ndani kulikuwa giza. Muhonja akatoka, akawatafuta kwa macho, akawapungia upinde wa fidla.

"Manze, huyo ni wetu!" Idil akapaza sauti.

Kaluki akapiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Filamu ilipoanza, mtu aliketi kushoto kwake. Hakumsikia akija. Alinusa udi tu, na chini ya ule udi, kitu kama udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi.

"Anapiga vizuri," sauti ya mwanamke ikanong'ona.

"Ndiyo, shangazi," Kaluki akajibu kwa adabu.

"Wewe unapiga vizuri zaidi. Nimekuwa nikikusikia jikoni kwenu."

Kaluki akaganda. Jikoni alifanya mazoezi peke yake, mlango umefungwa, na kitambaa juu ya nyuzi ili majirani wasisikie. Alitaka kugeuka lakini shingo ilikataa, na kwenye pazia gari la moshi lilikuwa likija huku ngoma zikilipigia mwendo, na kulia kwake Idil alikuwa ameinama mbele, mikono kifuani, macho yakimetameta kwa ajili ya mtu mwingine, na ile harufu ikamwingia Kaluki puani na kushuka kooni mpaka akaionja, na ile sauti ikamuuliza pole pole, kama mama anayemuuliza mtoto atakula nini, "Nikufanyie nini, mwanangu?"

"Mkono wake ufe," Kaluki akasema.

Yalimtoka kabla hajayafikiria. Lakini yalikuwa maneno yake.

Fidla moja ikanyamaza. Mkono wa kushoto wa Muhonja ulikuwa umejikunja ngumi, naye alikuwa akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akajaribu kuufungua kwa ule wa kulia, upinde ukaanguka, na ndipo akapiga ukelele. Taa zikawashwa. Idil akakimbilia mbele. Kaluki akaweza kugeuka. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, nacho kilikuwa cha mwisho, kimegusana na ukuta. Hakuna ambaye angefika pale bila kuyapita magoti yao.

Hospitalini hawakuona kasoro yoyote kwenye mfupa wala mshipa. Siku nne ngumi haikufunguka. "Kuna mwanamke ameushika," Muhonja alimnong'oneza Idil. "Kwa ndani."

Okinyi akampigia Kaluki simu. Jumamosi wangerudia onyesho. Je, angekaa kiti cha Muhonja? Kaluki alikubali kabla Okinyi hajamaliza kuuliza.

Siku ya tano Idil akawapeleka Muhonja na Kaluki Pumwani, kwa mjomba wake Mwalimu Mumin, aliyejulikana kwa kuwasomea Kurani wagonjwa wa aina hii. Mamake Muhonja, mtu wa kanisa, alisema tu, "Nendeni. Mimi nimeomba mpaka sauti imekauka."

Mwalimu Mumin akasoma, akapulizia maji, akamnyunyizia Muhonja mkononi. Muhonja akainua kichwa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Sikujileta. Niliitwa."

"Na nani?"

"Yuko humu. Anatazama mlango."

Kaluki, ambaye kweli alikuwa akitazama mlango, akasogea mbele.

"Ni mimi," akasema. "Niliona wivu, Idil. Kwa kile kiti. Na kwa ajili yako."

Idil akamgeukia Muhonja.

"Mwambie aondoke," Mwalimu akasema. "Mwambie humtaki, na alichokupa hukitaki."

"Ondoka. Sikutaki. Ulichonipa sikitaki."

Ngumi ikaanza kufunguka. Kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete. Kidole cha mwisho kikabaki kimekunjwa, kigumu kama msumari. Mpiga fidla bila kidole hicho hafiki mbali, na Kaluki alilijua hilo kuliko wote waliokuwamo.

Mwalimu akamgeukia. "Umekiacha chote alichokupa?"

"Chote, Mwalimu."

Muhonja alikuwa akilia kwa furaha. Akamkumbatia Kaluki, akamkaza. "Umesema ukweli mbele ya watu. Nani angeweza? Hiki kidole kitapona tu. Jumamosi kaa kwenye kiti changu, usiwaache na pengo."

Neno moja la kukataa kile kiti lingetosha. Kaluki alilijua, alilihisi likimgusa ulimi. Wakati huohuo Idil akasogea, akamshika mkono wa kushoto, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na mkono wake ulikuwa na joto.

"Sawa," Kaluki akasema. "Nitakaa."

Ndani ya kiganja cha Idil, vidole vya Kaluki vikaanza kusogea, kimoja kimoja, kwa mpango, kama vinavyobonyeza nyuzi. Hakuwa akivisogeza yeye. Idil akadhani anatetemeka, akamshika kwa nguvu zaidi.