Adapta ya Shamila

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia darasa, Penina alikimbilia chumba cha klabu ya sayansi kuitazama treni yake ya mfano. Shule yao iko Ihumwa, karibu na reli, na treni ya umeme ikipita hakuna mtoto asiyegeuza shingo. Penina alitengeneza mabehewa kwa maboksi ya dawa ya meno, akayapaka rangi vizuri. Kichwa cha treni kilikuwa na mota, kikiongozwa na kisanduku cha swichi, na adapta ndogo ilileta umeme kutoka ukutani. Treni ilipendeza, ila ilijikokota.

Ya mwenzake Shamila ilikimbia! Mabehewa yake yalipinda na rangi ilibanduka, lakini watoto waliishangilia hiyo hiyo. Siku hiyo roho ilimuuma Penina zaidi. Kesho yake wazazi wangekuja shuleni, na Mwalimu Kefa angewaonyesha treni moja tu.

"Ni ile adapta yake inayomtia maringo," aliwaza Penina. "Ningekuwa nayo mimi, angenitambua!"

Wenzake walipokwenda kula makande, Penina alichomoa adapta ya Shamila, akaiunganisha na kisanduku chake na kuwasha. Treni ilichomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Penina alicheka kwa furaha. Hakumaliza kucheka, moshi ukafuka kwenye kisanduku na harufu ya plastiki ikajaa chumbani. Alizima swichi ya ukutani.

Mwalimu Kefa aliingia mbio, Shamila nyuma yake.

"Adapta yangu! Nani kaichukua?" Shamila aliangua kilio.

Penina angeweza kusema hajui. Aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Nilikuonea wivu, Shamila. Nisamehe."

Mwalimu aliikagua adapta. "Hii ni nzima. Penina, soma hapa."

"Volti kumi na mbili."

"Na kwenye kisanduku chako?"

Penina alifuta masizi kwa kidole. "Volti sita, mwalimu."

"Cha Shamila kinataka kumi na mbili, chako sita. Umekipa umeme maradufu. Ungeweza kuunguza chumba hiki, nawe ukiwa ndani! Kabla ya kuunganisha, soma kote kuwili. Volti zisipolingana, acha."

Penina alianza kukusanya mabehewa yake. Hakuwa tena na treni ya kuonyesha.

"Usiyatoe," alisema Shamila akifuta machozi. "Yangu mabaya, hata mimi nayaona. Tufunge yako kwenye kichwa cha treni yangu."

Kesho yake treni moja ilizunguka meza, na wazazi wakapiga makofi.

"Jamani, mabehewa mazuri haya! Ya nani?" aliuliza mama mmoja.

"Ya Penina," Shamila alijibu upesi.

Penina alitamani kujificha. Mwalimu Kefa alimsogelea, akamwambia taratibu, "Umeona? Wivu ulikufanya uchunguze treni ya mwenzako, ukaacha kusoma kilichoandikwa kwenye yako."